Mwache apande, ila usimpandishe

Wiki iliyopita msomaji mmoja, mama wa kijana wa miaka minane, aliniandikia: "Dada, mwanangu hathubutu kitu. Tukifika uwanjani ananing'ang'ania mkono huku wenzake wanakimbizana. Wewe wako uliwafanyaje?" Nilimjibu mistari miwili, kisha nikaona nimemnyima. Suala hili la kumwachia mtoto athubutu limenipatia sifa siku hizi, lakini limeniletea maneno pia, tena ya ndugu.

Binti yangu alianza kuuzengea mti wa uani akiwa na miaka minne. Kanuni yangu ilikuwa moja, na sijawahi kuivunja: simpandishi. Akilia nimnyanyue hadi kwenye tawi, jibu ni hapana. Tawi alilolifikia kwa mikono yake mwenyewe, mara nyingi atajua na jinsi ya kushuka. Ukimweka wewe, umempa mahali asipopaweza, na hapo ndipo watoto huganda na kupiga mayowe. Basi akawa anaishia shinani, analizunguka, anateleza, ananuna, anarudi kesho.

Siku alipolifikia tawi la kwanza nilikuwa naanua nguo. Kabla hajaliachia uzito, alinyoosha mguu akaligusa kwa kidole gumba, akalisukuma, akalisukuma tena. Likalia. Akaurudisha mguu taratibu, akatafuta jingine. "Mama, hili bovu," akasema, wala hakunitazama. Nilikuwa nimeuma shuka kwa meno, kwa kweli, maana moyo ulikuwa unataka nipige kelele. Lakini nani alimfundisha kulipima tawi? Hakuna. Alijifunza kwa kuteleza kule chini, pasipo na madhara.

Sasa maneno. Alipofika miaka saba alianguka, mkono ukavunjika, akafungwa hogo. Tulipokutana kwenye shughuli ya familia, wifi yangu akasema mbele ya wakwe na wageni: "Wengine tunazaa, wengine wanatupa." Watu wakacheka. Mimi nikanyamaza, nikaendelea kugawa sahani, nikaenda kulia jikoni. Mkono ulipona, binti akarudi mtini. Hiyo kauli haijapona, na sitajifanya imepona.

Wifi, kama hunisikii mimi, wasikie madaktari. Januari 2024 chama cha madaktari wa watoto nchini Kanada kilitoa tamko rasmi la kutetea michezo ya nje yenye kuthubutu: kupanda, kukimbia kwa kasi, kupigana mieleka ya utani, kucheza mbali kidogo na macho ya wakubwa. Walisema mtoto alindwe kadiri inavyohitajika, na si kadiri inavyowezekana. Wala si jambo la jana. Mwaka 1943, katikati ya Vita Kuu ya Pili, pale Emdrup jijini Copenhagen, msanifu wa bustani Carl Theodor Sørensen alisaidia kuanzisha uwanja wa michezo usio na bembea za kupendeza. Alikuwa ameona kwamba watoto waliviacha viwanja alivyowachorea, wakaenda kuchezea mabaki ya ujenzi. Basi wakapewa mbao, nyundo, misumari na matofali, wajenge na wabomoe wenyewe, mtu mzima mmoja akiwa karibu. Wazo hilo likavuka hadi Uingereza baada ya vita.

Kwa hiyo mama yangu uliyeniandikia, tofautisha hatari anayoiona mtoto na ile asiyoiona. Urefu wa ukuta anauona. Ukali wa kisu anauona, ukimkalisha chini na kumwonyesha akate kuelekea mbali na mwili. Hizo mwachie azipime. Tawi lililooza ndani, msumari uliojificha kwenye nyasi, waya wa umeme uliochunika, hivyo havioni, na kuviondoa ni kazi yako kabla hujamwambia "nenda kacheze." Wazazi wengi tunafanya kinyume: tunamkataza ukuta, waya tunauacha.

Na punguza "utaanguka!" Mtoto akiwa juu akasikia sauti hiyo, anageuka kukutazama wewe, na mguu unapoteza mahali pake. Muulize, "Sasa unashika wapi?" Atautazama mkono wake, atafikiri. Au nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote, nami bado najilazimisha.

Usisubiri awe jasiri ndipo umwachie. Mwachie kidogo, ujasiri utamkuta njiani. Mwache afunge viatu vyake hata kama mmechelewa. Mwache agombane na mwenzake juu ya mpira bila wewe kuwa refa. Mpe simu aongee na bibi yake bila kumnong'oneza la kusema. Nawaona wazazi wanaojibu kwa niaba ya mtoto wa miaka kumi aliyeulizwa jina lake! Jamani, tunalea nani?

Huyu wangu sasa ana miaka kumi na moja. Juzi alipotea akitoka kwa rafiki yake. Akaingia duka la jirani, akaomba simu ya mwenye duka, akapiga namba yangu, maana anaijua kwa kichwa (wako anaijua?), akanisomea bango lililokuwa mbele yake. Sauti haikutetemeka. Aliyetetemeka ni mimi. Nilitamani wifi awe amekaa pembeni asikie.

Lakini msinielewe vibaya mkaenda kuachia kila kitu. Maji na magari sivifanyii mzaha. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala kupunga mikono. Anatoweka kimya, kwa muda mfupi mno. Penye maji nakaa karibu, simu mfukoni. Na barabara: Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watu wa kuanzia miaka 5 hadi 29. Binti yangu nilitembea naye njia ileile muda mrefu, kisha nikamwacha atangulie mimi nikimfuata hatua kadhaa nyuma, kisha upande wa pili wa barabara. Alipovuka peke yake mara ya kwanza, nilikuwa nimeshamwona akisimama, akitazama huku na kule, akisubiri, hadi nikachoka kumtazama. Huyo wa kwako wa miaka minane, anzia hapo, na wewe ndiye ukae nyuma.