Jahazi au mashua?

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi la kuchukua boriti, nami nimeweka akiba ili niunde chombo changu. Mafundi wawili niliowaendea wamenishauri niache jahazi, niunde mashua, chombo kidogo kuliko jahazi. Je, majahazi hayaundwi tena, au mafundi hawa wanaikimbia kazi kubwa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, mafundi wako wamekupa shauri jema. Majahazi bado yanaundwa, lakini kwa uchache, na sababu ya kwanza ni shehena. Jahazi la babu yako liliishi kwa boriti za mikoko, ambazo vyombo vya tanga vilizichukua kutoka Lamu na delta ya Rufiji, nyingine zikifika hadi Ghuba ya Uajemi, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu. Fedha za mafuta zilipowaletea watu wa huko saruji na nondo, soko lile lilififia, na baadaye Kenya ikapiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi. Mizigo ya mwambao nayo ikahamia kwenye malori na meli za injini. Jahazi lisilo na shehena humla mwenyewe, kwa kuwa mbao zake huhitaji kalafati (pamba ya kuziba nafasi kati ya mbao), sifa (mafuta ya papa) na deheni (mafuta yaliyochanganywa na chokaa) hata likikaa bure.

Sababu ya pili ni mti. Taruma, yaani mbavu za chombo, zinazofaa ni zile zilizochongwa kutoka kwenye tawi lililojipinda lenyewe, na matawi manene kiasi cha kutosha jahazi yamekuwa ya kutafutwa mbali na kwa bei kali. Kwa mashua, fundi wa Matondoni kule Lamu au Nungwi kule Unguja huweza kuyapata bila kungoja mwaka mzima. (Udogo peke yake hauokoi chombo: ngalawa, ambayo huchongwa kutoka katika gogo moja, mara nyingi la mwembe, nayo inasumbuliwa na uhaba wa miembe mikubwa.)

Lakini ninaloliona kubwa kuliko yote ni mikono ya watu. Tanga letu la pembetatu hufungwa kwenye foromali, yaani mti mrefu unaobeba tanga, na chombo kinapobisha, yaani kinapogeuza upande ili kusonga dhidi ya upepo, foromali hiyo lazima ihamishwe upande wa pili wa mlingoti. Katika jahazi hiyo ni kazi ya mabaharia wengi, wote wa kulishwa na kulipwa, ilhali katika mashua watu watatu wanaojuana huimaliza upesi. Mashua huingia kwenye maji haba, hupwelewa mchangani bila kudhurika, na maji yanapojaa huwa umekwisha kuipaka deheni. Wala usiidharau kwa safari: Flipflopi, chombo cha mita tisa kilichoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, kilisafiri kwa tanga hadi Unguja mwaka 2019, mwendo wa kilomita zipatazo 500.

Kwa hiyo, agiza mashua ya mita nane au tisa, ambayo itakufaa kwa uvuvi, kwa mizigo midogo na hata kwa wageni. Mwombe fundi akuite mkuku (uti wa chini wa chombo) na taruma zikiwa zimesimama, kabla hajapigilia mbao, uzikague ukiwa na nahodha mzoefu, kwa maana baada ya hapo taruma iliyooza au kuungwa vibaya ni vigumu zaidi kuirekebisha.