Swali la lugha: Kupewa haki na kupewa haki yako

Msomaji wetu wa Chake Chake, Pemba, ambaye ni katibu wa kamati ya shehia (eneo dogo la utawala huko Zanzibar), anauliza: "Katika ripoti niliandika kwamba 'wanawake watatu wa shehia yetu wamepewa haki ya kurithi mikarafuu'. Mwalimu aliyeisoma akaniambia kuwa haki haipewi mtu, mtu huzaliwa nayo. Mbona basi wazee walisema 'mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni'? Na je, niandike haki za binadamu au haki za kibinadamu?"

Nitaanza na hilo la mwisho kwa sababu ni jepesi. Andika haki za binadamu. A-unganifu, yaani lile neno "za" katika "haki za binadamu", inamtaja mwenye haki, kama tunavyosema shamba la mjane au nyumba ya yatima. Neno "kibinadamu" linataja namna na moyo wa kutenda: anayewapelekea chakula waliofikwa na mafuriko anatoa msaada wa kibinadamu, na tunamshukuru kwa sababu angeweza asiutoe. Haki haingoji huruma ya mtu, na ndiyo maana chombo chetu cha Muungano kinaitwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Swali la "kupa" ndilo zito. Mwalimu wako ana hoja, lakini ameipeleka mbali kuliko lugha inavyoruhusu, na methali uliyoitaja ndiyo inayotuonyesha alipopitiliza. Itazame tena: haki yake mpeni. Kile kimilikishi "yake" ndicho kinachobeba maana yote. Anayeambiwa atoe ameishikilia mali ya mwenzake, na kumpa ni kumkabidhi kilicho chake. Ukikiondoa kimilikishi ukasema "amempa haki", msikilizaji anabaki na picha ya mtoaji mwenye ghala la haki, anayemgawia amtakaye na kumwacha asiyemtaka. Kwa hiyo "amepewa haki yake" ni Kiswahili safi kabisa, na "amepewa haki" pekee ndiyo inayohitaji uangalifu.

Walioandika matini kubwa za haki walilijua hilo. Kifungu cha kwanza cha tafsiri ya Kiswahili ya tamko la haki za binadamu la Umoja wa Mataifa, la tarehe 10 Disemba 1948, kinaanza hivi: "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa." Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 12, inasema: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Hakuna mtoaji katika sentensi hizo mbili. Mimi naipenda zaidi ya pili, kwa sababu kiambishi hu- kinaeleza jambo lililo hivyo siku zote, kama vile jua huchomoza mashariki. Hata Katiba ya Zanzibar ya 1984 inazungumzia kinga ya haki, na kinga huwekewa kitu ambacho tayari kipo. Katika Katiba ya Muungano haki hizi ziliingizwa mwaka huohuo wa 1984, ingawa hazikuweza kudaiwa mahakamani hadi 1988. Basi ni sawa kusema ziliingizwa, zilitambuliwa, au zilianza kulindwa, lakini tukisema Watanzania walipewa haki ya kuwa hai mwaka 1984 tutakuwa tumesema jambo la kutisha.

Tofauti hii inabadilisha hata namna tunavyoeleza maendeleo ya nchi. Novemba 2021, Tanzania Bara iliondoa zuio lililowafungia wasichana waliojifungua milango ya shule za serikali. Anayeandika kwamba wasichana hao "walipewa haki ya kusoma" analifuta zuio katika kumbukumbu, na msomaji wa baadaye hatajua kwamba kulikuwa na miaka ambayo mtoto wa kike alizuiwa. Aandike kwamba zuio liliondolewa. Hata hivyo, zipo haki ambazo kwa kweli hutolewa na sheria: bunge likiongeza siku za likizo ya uzazi, wafanyakazi wamepewa haki ambayo jana hawakuwa nayo, na hapo "kupewa" halina kosa.

Upande wa pili wa "kupa" ni "kunyima", nalo lina udhaifu huohuo. Tunamwita mnyimivu mtu asiyetoa kilicho chake. Ana tabia mbaya, lakini hajaiba. Mtu aliyechukuliwa mikarafuu yake hakufanyiwa unyimivu. Amedhulumiwa, na neno hilo dhulma linajulikana Pemba nzima, kwa mkulima na kwa kadhi, kwa hiyo usiogope kulitumia katika ripoti palipo na ushahidi. Kama ushahidi haujatimia, andika "analalamika kuwa amenyimwa haki yake", na kimilikishi kibaki mahali pake.

Turudi kwenye sentensi yako. Katika mirathi ya Kiislamu, fungu la binti limeshawekwa tangu marehemu alipofumba macho; kamati haikumpa haki ya kurithi, wala kaka zake hawakuwa na haki ya kuizuia. Kwa maelezo uliyoyaongeza mwishoni mwa barua yako, kwamba miti ilikuwa ikichumwa na jamaa wa kiume kwa misimu minne na mapato hayakuwafikia kina mama hao, ningeandika: "Wanawake watatu wa shehia yetu wamerejeshewa mikarafuu yao ya mirathi, iliyokuwa mikononi mwa jamaa zao kwa misimu minne, mapato ya misimu hiyo bado wanayadai."