Kajani kasikoliwa na kabichi zisizotoa maua

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nalima bustani ya mboga Igombe, kando ya ziwa: kabichi, chainizi na nyanya kidogo. Binti yangu wa kidato cha sita ananiambia kuna kajani ka porini huko Ulaya, ndugu wa kabichi, ambako wanasayansi wamekachunguza kuliko karibu mimea yote, na wala hakaliwi. Kwa nini wasihangaike na muhogo wetu? Halafu nisaidie na hili: chainizi zangu zinatoa maua na mbegu, lakini kabichi hazijawahi. Zinafunga, zinapasuka, zinaoza. Ni udongo?
Mama wa Igombe, Ilemela

JIBU: Marahaba, mama. Udongo wako hauna kosa, na swali lako la pili linajibiwa na hako hako kajani unakokalalamikia.

Kanaitwa Arabidopsis thaliana. Ni kafupi, mara nyingi hakafiki magoti, kana maua meupe madogo sana. Binti yako achume ua la chainizi alitazame vizuri: petali 4 zilizokaa msalaba, na nyuzi 6 za chavua, 4 ndefu na 2 fupi. Hesabu hiyo ndiyo ya ukoo mzima, kabichi, sukumawiki na kajani haka.

Walikapenda kwa sababu za kazi. Aina za maabara hutoka mbegu hadi mbegu kwa wiki 6 hivi, mmea mmoja unazaa maelfu ya mbegu, na maelfu ya mimea yanaenea chumba kimoja. Vinasaba vyake pia ni vichache kulinganisha na vya ngano, ndiyo maana mwaka 2000 kakawa mmea wa kwanza kusomwa vinasaba karibu vyote. Muhogo unakaa shambani miezi 8, 12 au zaidi. Mtafiti akikosea jaribio moja, mwaka umekwenda.

Sasa kabichi zako. Huko Ulaya, aina nyingi za porini za kajani haka huota kabla ya majira ya baridi, zikakaa zimejibana chini, halafu zikachanua baridi ikiisha. Watafiti walitaka kujua mmea unajuaje kwamba baridi imepita. Wakakuta kinasaba kiitwacho FLC, kinachofanya kazi kama breki: kikiwa macho, maua hayatoki. Baridi ya wiki nyingi mfululizo inakinyamazisha kidogo kidogo, na mmea unabaki na kumbukumbu hiyo hata joto likirudi. Mimi hili hunisisimua kila ninapolifundisha, kwamba kitu kisicho na ubongo kinakumbuka baridi.

Vinasaba vya aina hiyo vimo pia ndani ya kabichi. Kabichi inangoja wiki kadhaa za baridi chini ya nyuzi 10 hivi, na Mwanza haitoi baridi hiyo hata Julai. Kwa hiyo breki haiachii, kabichi inaendelea kuongeza majani mpaka inapasuka. Chainizi haidai baridi ndefu namna hiyo, ndiyo maana inakuchanulia hapo hapo ufukweni.

Kuhusu muhogo, uchungu wako ni wa haki, na mimi ningependa fedha nyingi zaidi ziende huko. Lakini usidhani umesahauliwa: kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, hapo Misungwi, wanapambana na magonjwa yake ya batobato na michirizi ya kahawia. Watafiti wa muhogo popote walipo wanatumia maarifa ambayo mengi yalianzia kwenye kajani haka.

Basi mbegu ya kabichi endelea kununua, iliyofungwa, na usome tarehe kwenye pakiti. Nyingi ni chotara, hata zingechanua watoto wasingefanana na mama. Ya chainizi acha miche michache yenye afya, uifunge utepe isichumwe. Vitumba vya mbegu vikianza kuwa rangi ya kahawia, kata mashina asubuhi kabla jua halijavipasua, ukaushe kivulini juu ya kitambaa.