Kupima nguvu ya oringi kabla haijaingia kwenye pampu

Madukani hapa Mtwara mjini oringi, ile pete ya mpira inayozuia kuvuja, hupimwa kwa vidole. Mnunuzi anaivuta, ikirefuka na kurudi anaridhika, analipa, anaondoka. Kwa bomba la uani hilo linatosha. Kwa pampu inayosukuma maji kupanda uwanda wa Makonde, au mtambo wa mvuke wa kiwanda cha korosho katikati ya msimu, halitoshi hata kidogo, na ningependa sana sisi mafundi tuache kubahatisha.

Maabara hufuata kiwango cha kimataifa cha kuvuta mpira, ISO 37, au kile cha Marekani, ASTM D1414, kilichoandikwa kwa ajili ya oringi zenyewe. Mashine huivuta kwa mwendo wa milimita 500 kwa dakika mpaka ikatike, kwenye joto la nyuzi 23; kwa nchi za joto kama yetu, nyuzi 27 zinakubalika. Karakanani natumia mizani ya kuning'iniza ya kilo 50, winchi ndogo ya mkono na puli mbili za chuma zilizosuguliwa zikawa laini. Mwendo wangu haufikii ule wa mashine, kwa hiyo namba zangu nazilinganisha zenyewe kwa zenyewe, sizipeleki kushindana na za kiwandani.

Puli ndizo zenye kazi kubwa. Ukiivuta oringi kwa ndoano, ncha inaikata na hapo umepima ukali wa ndoano. Puli zizunguke bila kukwama na zipakwe maji ya sabuni, ili mvuto ugawanyike sawa pande zote. Usipake grisi ya kawaida kama hujui mpira ni wa aina gani. Na vaa miwani, maana oringi ikikatika hurudi kwa kasi usoni.

Hesabu yake wengi huikosea. Oringi ikiwa kwenye puli ina miguu miwili inayobeba mzigo, kwa hiyo eneo la mkato unalizidisha kwa mbili. Chukua oringi yenye unene wa milimita 3.53. Eneo la mkato ni karibu milimita za mraba 9.8, na kwa miguu miwili ni 19.6. Ikikatika mizani ikisoma kilo 24, hizo ni kama niutoni 235, maana kilo moja huvuta kwa karibu niutoni 9.8. Gawanya kwa 19.6, unapata megapaskali 12, yaani niutoni 12 kwa kila milimita ya mraba. Ukisahau kuzidisha unapata 24, namba ya kufurahisha lakini ya uongo.

Vuta tatu za fungu moja mpaka zikatike, uchukue namba ya katikati. Kabla hujaiandika, tazama ilikokatikia. Oringi nyingi za bei rahisi hutengenezwa kwa kamba ndefu ya mpira iliyokatwa, kisha ncha mbili zikagundishwa. Ikiachia palepale kwenye kiungo na uso wake uko laini, umepima gundi, mpira wenyewe bado hujaupima. Fungu la namna hiyo narudisha dukani bila mjadala.

Sasa jambo ninalolisisitiza kila mara: megapaskali nyingi si ahadi kwamba oringi itazuia kuvuja. Ndani ya pampu oringi haivutwi, inabanwa, na inazuia maji kwa sababu inataka kurudi kwenye umbo lake. Thamani ya kuvuta iko kwenye kulinganisha: fungu hili na lile, oringi mpya na mwenzake aliyekwisha kulowekwa katika kitu watakachoishi nacho. Tatu navuta zikiwa mpya. Tatu naloweka siku tatu katika dizeli, mafuta au maji ya moto, kulingana na zinakokwenda, ndipo nazivuta. Hapo pima pia zinarefuka kiasi gani kabla ya kukatika. Urefu huo ukishuka hadi nusu ya ule wa mwanzo, mimi siifungi popote, hata nguvu yake isome vizuri. Mpira unaozeeshwa na joto hugumuka, na mara nyingine nguvu inabaki palepale wakati unyumbufu umekwisha.

Kuloweka kunakutambulishia pia aina ya mpira. Nitraili na EPDM, aina mbili za mpira wa kutengenezwa, zote huja nyeusi, na dukani zinalala kopo moja. EPDM ikikaa kwenye dizeli usiku kucha inavimba, kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, inakuonyesha. Nitraili inabadilika kidogo tu. Kwa injini ya boti pale Mikindani unataka nitraili. Kwa mvuke unataka EPDM, kwani mvuke huigumisha nitraili mpaka inapasuka.

Kipimo cha kubana ni rahisi kuliko cha kuvuta, tena kwa kazi zetu nakiamini zaidi. Weka oringi kati ya vibati viwili na ukaze boliti mpaka unene ubaki robo tatu: ile ya 3.53 ifike 2.65. Iache siku nzima kwenye joto la kazi yake, ifungue, subiri nusu saa, pima. Ikirudi 3.31, imepoteza robo ya kile ulichokibana, na hiyo ni oringi ya kutegemewa. Ikibaki bapa, hata ingebeba kilo 40 itavuja.

Tena kuna suala la utunzaji. Oringi zinatundikwa kwenye msumari mlangoni, jua la Mtwara linaziwakia kutwa. Kiwango cha kuhifadhi mpira, ISO 2230, kinataka zikae gizani, chini ya nyuzi 25, bila kuvutwa. Kwa hifadhi ya namna hiyo mpira wa asili hupewa miaka 5, nitraili 7, EPDM 10, kabla ya kukaguliwa upya. Kunja oringi kati ya vidole, uangalie mgongo wake kwenye mwanga. Ukiona nyufa ndogondogo zinazokatiza, usipoteze muda kuipima. Mwombe mwenye duka akutolee za ndani ya boksi lisilofunguliwa. Mara nyingi anazo, na bei ni ileile.