Maswali ya Wasomaji: Paka Mkuu wa Stesheni

SWALI: Mhariri, nimesikia kwamba huko Japani paka aliwahi kuwa mkuu wa stesheni ya reli. Je, ni kweli au ni mzaha?

JIBU: Ni kweli, ndugu msomaji. Stesheni hiyo ni Kishi, mwisho wa reli ya Kishigawa mkoani Wakayama, njia ya kilomita 14.3 tu, ambayo treni zake zilianza kufika hapo mwaka 1933. Kampuni ya Nankai, iliyochoshwa na hasara, ilijitoa, na mwaka 2006 njia ikakabidhiwa Wakayama Electric Railway, huku Kishi ikibaki bila mfanyakazi hata mmoja. Basi Januari 2007 paka jike aitwaye Tama, mwenyeji wa pale stesheni, akateuliwa rasmi, akashonewa kofia ya kazi iliyomkaa sawasawa kichwani, na mshahara wake ukawa chakula. Mzaha ulikuwamo, hapana shaka, ila uliwaleta abiria. Mwaka 2010 jengo lilijengwa upya kwa mfano wa uso wa paka, paa lake la magome ya mti likichomoza masikio mawili. Tama alikufa Juni 2015, na cheo kikarithiwa na paka mwingine, Nitama.