Mdogo wangu alisema "nasikia", wakaandika anasikia sauti

Mdogo wangu wa kike alilazwa kwa nguvu hospitali ya akili huku ugenini. Sasa hivi kapona na anafanya kazi, na kaniruhusu niandike haya maana kila mara napigiwa simu na mtu ambaye ndugu yake kachukuliwa hivyo hivyo na hajui aanzie wapi.

Alikuwa anaumwa kweli, hilo sifichi. Wiki nzima halali, mlango kafunga, anaongea peke yake. Tuliogopa kumpeleka kwa daktari kwa ajili ya makaratasi yake, tukidhani jina likishaingia kwenye kompyuta ya hospitali basi uhamiaji nao watalipata, tukangoja wee mpaka jirani akawaita polisi. Wahamiaji wengi tunaingilia mlango huo, mwenyeji anaanzia kwa daktari wake wa siku zote sisi tunaletwa na polisi, na ukiletwa na polisi ushaonekana mtu hatari kabla hujafungua mdomo.

Halafu lugha. Usiku ule mkalimani hakuwepo, wakamhoji kwa lugha yao ambayo alikuwa anaibabaisha tu. Sasa sisi tunasikia kila kitu, tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia uchungu, na yeye akawageuzia vile vile neno kwa neno kwamba usiku anasikia maumivu kichwani, na kwa lugha yao kusikia ni kwa masikio tu, ripoti ikaandikwa anasikia sauti. Alipokaa kimya kwa kutoelewa swali wakaandika hataki kushirikiana. Nilikuja kuyajua wiki ya tatu nilipoomba tusomewe faili, na nililia, maana dozi ilishapandishwa kwa ajili ya hizo sauti.

Kwa hiyo ndugu yangu, cha kwanza kabisa dai mkalimani wa kazi hiyo, na asiwe ndugu wala mtoto wa mgonjwa. Mimi mwenyewe nilimtafsiria siku moja, na aliposema anatamani kufa sikulitafsiri, niliona aibu. Neno lile lilikuwa ndo la muhimu kuliko yote na daktari hakulipata.

Cha pili ni tarehe. Uliza kashikiliwa kwa kifungu gani cha sheria, mwisho lini, rufaa lini, na uandikiwe. Uingereza kwa mfano (nazungumzia England) kuna kifungu cha kumchunguza mtu hadi siku 28, na rufaa lazima iombwe ndani ya siku 14 za mwanzo, wakili wake ni wa bure, lakini mtu aliyelewa dawa na asiyejua lugha siku 14 zinampita hivi hivi. Huko huko, mwaka ulioishia Machi 2023, watu weusi walishikiliwa 228 kwa kila 100,000, wazungu 64. Ni hesabu ya rangi, sio ya uhamiaji, ila wengi wetu tunabeba vyote viwili. Na usikubali mtu akwambie ni damu yetu, maana tangu 1932 mtafiti Ødegård alionyesha Wanorwe waliohamia Minnesota, Marekani, walilazwa zaidi kwa skizofrenia (ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo) kuliko wenzao waliobaki Norwe, na hao walikuwa wazungu.

Ubalozi nao: mkataba wa Vienna wa 1963, ibara ya 36, unampa mgeni yeyote aliyezuiliwa haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe, na kuzuiliwa sio jela tu. Ila haki hiyo ni ya mgonjwa, kama ni mkimbizi aliyeikimbia serikali yake tafadhali msipige simu hiyo kwa niaba yake.

Na nendeni kumwona, hata kama mnakaa kimya tu. Manesi wanaona nani ana watu.

Sisi tuliomba kwa maandishi faili lirekebishwe. Ile ripoti ya kwanza haikutolewa, bado ipo, ila nyuma yake sasa kuna karatasi yenye maneno yake mwenyewe ya usiku ule kwa Kiswahili, na tafsiri iliyosainiwa na mkalimani.