Re: Mabaki ya robota, nizike shambani au nichome?

Ndugu, umeuliza kama nguo zisizouzika kwenye robota la mivumba (mitumba) unaweza kuzifukia migombani. Pamba, ndiyo. Poliesta, hapana: ile ni plastiki ya mafuta ya petroli, haiozi, inakatikakatika tu kuwa nyuzinyuzi udongoni.

Lebo nyingi zimeshakatwa, kwa hiyo pima kwa moto. Chomoa nyuzi chache kwenye pindo, zishike kwa koleo, washa kiberiti. Pamba huwaka haraka, hunuka kama karatasi, majivu yake laini ya kijivu. Poliesta hujikunyata, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu. Angalia usiguse kidonge hicho kikiwa moto, kinaganda kwenye ngozi. Ukiona majivu na kidonge pamoja, huo ni mchanganyiko. Uhesabu kama poliesta.

Ile ya pamba, toa zipu na vifungo, kisha kata mishono yote uitupe: uzi wa kushonea mara nyingi ni poliesta hata kwenye tisheti ya pamba tupu. Wengi hukosea hapo. Katakata vipande vya sentimita 5, changanya na maganda ya matoke na samadi, weka unyevu. Ikikauka, haiozi.

Tisheti nzuri za pamba usizizike kwanza, gareji wanazinunua kufutia oili. Poliesta hainyonyi vizuri. Ikate ndogondogo ujaze mito. Kuchoma uani, usithubutu. Na jaa la taka la Kiteezi, karibu na Kampala, liliporomoka Agosti 2024, kwa hiyo kutupa tu nako si jibu.